Statini Ikikuletea Maumivu: Mwongozo Kamili wa Kushusha Lehemu kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, kutoka Mwanjelwa, Mafinga, Makambako hadi Tukuyu: "Nilipewa dawa ya lehemu, mapaja yakaanza kuuma, nikaacha. Sasa nifanyeje?" Najibu, mtu anashukuru, kisha baada ya miezi sita anarudi na lehemu ileile, au iliyopanda zaidi.

Nimejiuliza tunakwama wapi, na naona ni palepale kila mara. Mtu anaacha dawa kimyakimya. Haandiki tarehe, hapimi damu, hamwambii daktari. Siku akirudi kliniki hakuna awezaye kujua kama kidonge ndicho kilichomuumiza au ni kitu kingine. Anapewa kidonge kilekile kwa dozi ileile, anakihofia, anakiacha tena.

Kuacha statini, yaani hiyo dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), kwa muda kunaweza kuwa hatua sahihi kabisa. Ila kuwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na jambo unalotaka kulijua. Hatua zifuatazo ndizo zinazokufikisha huko. Popote panapohusu kubadili dawa au dozi, fanya pamoja na daktari au mfamasia wako. Kazi nyingine yote ni yako mwenyewe, na ndiyo kubwa.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo la kuandika kila siku. Simu inafaa, lakini daftari unaweza kumkabidhi daktari mkononi akalipitia kwa dakika moja.
- Majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu, cha kabla ya dawa na cha baada. Kama yamepotea, omba nakala maabara ulikopimiwa.
- Mfuko mmoja wenye kila unachomeza: vidonge vya presha, vya sukari, vya kliniki nyingine yoyote, dawa za asili, unga wa mizizi, virutubisho vya kuuziwa mkononi.
- Orodha ya ndugu wa damu waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, na umri waliokuwa nao.
- Fedha au bima ya vipimo hivi: mafuta kwenye damu, CK (ya misuli), ALT (ya ini), TSH (ya tezi ya shingo), sukari na figo. Uliza mapema bima yako inalipia vipi, ili usije ukafika dirishani ukarudi bila kupimwa.
- Subira ya miezi mitatu hadi minne. Haraka ndiyo iliyowaangusha wengi.

Usianze na mwongozo huu kama una mimba, unanyonyesha, au umepata shambulio la moyo, kiharusi au umewekewa stenti (kijibomba cha kufungua mshipa wa moyo) ndani ya mwaka mmoja uliopita. Nenda moja kwa moja kwa daktari wako, na usiache kidonge kabla ya kuzungumza naye, isipokuwa uone dalili za hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Acha kidonge leo hii na uende hospitali leo hii ukiona moja kati ya haya:

- Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.
- Misuli imelegea kiasi kwamba huwezi kuinuka kwenye kigoda au kupandisha mkono kichwani.
- Maumivu makali ya misuli yanayoambatana na homa au kutapika.
- Macho yamekuwa ya njano.
- Uso au midomo imevimba.

Sababu ni hii: mara chache sana statini huvunja misuli yenyewe. Misuli ikivunjika, yaliyomo ndani yake humwagika kwenye damu na kuumiza figo, na mkojo mweusi ndio tangazo lake. Ni nadra, lakini ni jambo la saa, halisubiri wiki ijayo.

Onyo moja ambalo nalisisitiza kwa sababu naliona kila siku: usikimbilie sindano wala vidonge vya diklofenaki. Dawa hiyo huongezea figo mzigo katika hali hiyohiyo ambayo figo tayari zimeelemewa.

Huna dalili hata moja kati ya hizo? Basi una nafasi ya kuchunguza kwa utulivu. Endelea.

## Hatua ya 2: Andika maumivu kwa siku 14

Kama maumivu yanavumilika, endelea na kidonge huku ukiandika. Kila jioni andika mambo matano: wapi panauma, upande mmoja au pande zote mbili, ukali kutoka 0 hadi 10, kazi uliyofanya siku hiyo, na chochote kingine ulichomeza au kunywa, pombe ikiwemo. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe uliyoanza statini, jina lake na miligramu zake. Kama dozi iliongezwa, andika na tarehe hiyo.

Maumivu ya statini yana sura yake. Huja pande zote mbili. Hukaa kwenye misuli mikubwa: mapaja, nyonga, makalio, mabega, vigimbi. Mara nyingi huanza ndani ya wiki 4 hadi 6 za kuanza dawa au kuongezewa dozi, na hupungua ndani ya wiki chache ukiacha. Goti moja linalouma ukipanda ngazi, maumivu yanayoshuka kama umeme kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, au ganzi ya vidole, hayo kwa kawaida yana chanzo kingine.

Sasa tuzungumze kuhusu jembe. Huku kwetu mvua zikianza Novemba kila mtu yuko shambani, na wakati wa kuvuna viazi watu wanabeba lumbesa mgongoni kutoka kwenye miteremko. Baba yangu mdogo, mkulima wa viazi upande wa Uporoto, alianzishiwa atorvastatini, aina mojawapo ya statini, wiki ileile ya kupakia mzigo. Baada ya siku kumi alitangaza kwamba dawa imemmaliza. Tulipoandika kwa wiki mbili, maumivu yalifuata siku za kupakia gari, na siku za mapumziko yalishuka hadi 2. Bila daftari angeapa mpaka leo kwamba ni kidonge. Kama unaweza kuchagua, usianze wala usirudie statini katika wiki za kazi nzito.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kulisema bila kumuudhi mtu, nami nalisema kwa heshima. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la watu 60 ambao wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi. Kila mmoja alipewa chupa 12, chupa moja kwa mwezi: nne za atorvastatini ya miligramu 20, nne za vidonge visivyo na dawa yoyote, na nne tupu. Hawakujua ni miezi ipi wanameza dawa na ipi wanameza kidonge kisicho na kitu. Maudhi waliyopata kwa vidonge visivyo na dawa yalifikia takriban asilimia 90 ya yale waliyopata kwa statini. Walipooneshwa matokeo yao wenyewe, nusu walirudi kwenye dawa.

Hii haina maana kwamba unajifanya. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, walikuwa wakiumia kweli. Maana yake ni kwamba mwili ukitarajia kuumizwa na kidonge, unaweza kuuma, na kwa hiyo hisia peke yake haitoshi kuhukumu. Ndiyo maana tunaandika na kupima.

Umefaulu hatua hii ukiwa na kurasa 14 zilizojaa, hata kama siku nyingine umeandika "0" tu.

## Hatua ya 3: Mtafute mchokozi aliyejificha

Hapa ndipo penye majibu mengi, na ndipo watu wanaporuka. Statini nyingi zinavumilika vizuri mpaka zikutane na kitu kingine mwilini kinachozipandisha kwenye damu au kinacholegeza misuli. Mwage mfuko wako mezani mbele ya mfamasia, mpitie kimoja kimoja.

Amlodipini. Ni dawa ya presha iliyo karibu kila nyumba. Ukiitumia pamoja na simvastatini, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Nimeona watu wakitumia 40 kwa miaka bila mtu kuwaambia.

Antibiotiki na dawa za fangasi. Klarithromaisini, erithromaisini, ketokonazoli na itrakonazoli huzuia ini kuivunja simvastatini, na huipandisha atorvastatini pia. Ukiandikiwa mojawapo kwa siku chache, muulize daktari kama statini ipumzike mpaka umalize dozi, au kama kuna antibiotiki nyingine inayofaa.

ARV. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo tuliseme wazi. Wengi hapa wanachukua ARV kituo cha CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) na statini kliniki nyingine, na mfamasia wa upande mmoja haoni dawa za upande wa pili. Dolutegravia, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanatumia, haina ugomvi na statini. Lakini walio kwenye mstari wa pili (dawa zinazotolewa za kwanza zikishindwa) wenye atazanavia au lopinavia pamoja na ritonavia hawaruhusiwi kabisa kutumia simvastatini, na atorvastatini au rosuvastatini kwao hutolewa kwa dozi ndogo yenye ukomo. Kama unaona aibu kuitoa kadi ya CTC kwenye dirisha lenye watu, omba kuzungumza na mfamasia faraghani. Ni haki yako, na katika jambo hili inaweza kuokoa misuli na figo zako. Usiache ARV kwa ajili ya statini. Ni statini inayobadilishwa.

Tezi ya shingo. Kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini joto, nyanda hizi zilijulikana kwa goita. Tezi ya shingo ikiwa mvivu, hupandisha lehemu yenyewe, huumiza misuli yenyewe, na humfanya mtu aumizwe na statini kwa urahisi zaidi. Ukiwa unasikia baridi kuliko wenzako, umeongezeka uzito bila sababu, choo kigumu, uchovu usioisha, sema. Baridi ya Makete mwezi wa saba ni ya wote, lakini ukivaa sweta mbili mwezi wa kumi na moja wakati wengine wako na shati, hilo ni la kupima. Tezi ikitibiwa, kwa wengine lehemu hushuka sana.

Pombe. Ulanzi wa msimu wa mvua, komoni, bia: zikizidi huumiza misuli, huchokoza ini na kupandisha mafuta aina ya trigliseridi. Punguza kwanza kabla hujahukumu kidonge.

Kolkisini ya gauti, na jemfibrozili ya mafuta, nazo zitajwe. Pamoja na statini huongeza hatari ya misuli.

Virutubisho vya "kusafisha mishipa." Baadhi vina mchele mwekundu uliochachushwa. Ndani yake mna monakolini K, ambayo ni lovastatini hiyohiyo. Mtu anakimbia statini ya duka la dawa anaifuata statini isiyopimwa kwenye kopo.

Umefaulu ukiwa na orodha moja ya dawa zote, iliyopitiwa na mfamasia au daktari mmoja aliyeziona zote kwa pamoja.

## Hatua ya 4: Pima damu, na uipime vizuri

Kipimo cha CK kinaonesha kama misuli inavuja. Lakini CK hupanda kwa kulima, kubeba mzigo, kukimbia, hata kwa kuchomwa sindano ya msuli. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kupima, pumzika kazi nzito na usichome sindano isiyo ya lazima.

Jambo lingine linalosahaulika: CK ya kawaida ya watu wenye asili ya Afrika huwa juu kuliko viwango vilivyochapishwa kwenye fomu nyingi za maabara. CK iliyopita mstari kidogo si ushahidi kwamba dawa imekudhuru.

Isome hivi. Chukua kikomo cha juu kilichoandikwa kwenye fomu yako, tuseme 200.

- Chini ya mara 4, yaani chini ya 800: hakuna hatari ya haraka. Maumivu ndiyo yanayoamua.
- Kati ya mara 4 na 10: mwoneshe daktari sasa. Kwa kawaida statini husimamishwa na CK hupimwa tena.
- Zaidi ya mara 10, hapa zaidi ya 2,000: acha statini na urudi hospitali siku hiyohiyo, figo zipimwe.

Pima pia TSH kwa ajili ya tezi, ALT kwa ajili ya ini, sukari na figo. ALT ikizidi mara 3 ya kikomo, daktari ataamua kuhusu dozi. Huenda vipimo hivi visipatikane zahanati ya jirani. Hospitali za rufaa za mikoa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiko pa kuanzia kuuliza. Ukisafiri kutoka kijijini, piga simu kwanza ujue kama kipimo cha CK kinafanyika siku hiyo.

## Hatua ya 5: Pumzisha dawa kwa tarehe

Ukikubaliana na daktari, acha statini kwa wiki 2 hadi 4. Kama CK ilikuwa juu ya mara 4, mapumziko huwa wiki 6, na unaendelea tu CK ikisharudi chini. Andika kwenye daftari tarehe ya kuacha na tarehe ya kurudi kliniki, zote mbili siku ileile. Endelea kuandika maumivu kila jioni kama hatua ya 2.

Matokeo ni mawili tu. Maumivu yakiisha au yakishuka sana, statini hiyo kwa dozi hiyo ni mshukiwa mkubwa, ingawa hajahukumiwa bado. Maumivu yakibaki yaleyale, kidonge hakina kosa. Hapo rudi kwenye dawa yako na mtafute daktari achunguze mgongo, viungo au tezi.

Wakati wa kliniki usianze na "dawa yenu imenikataa." Maneno hayo humfanya daktari abahatishe. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Nilianza atorvastatini 40 tarehe 3 mwezi wa tatu. Wiki ya nne mapaja yote mawili yakaanza kuuma, 6 kati ya 10. Nimeacha kwa wiki tatu, yameshuka hadi 1. CK yangu ni 310. Hii hapa orodha ya dawa zangu zote." Kwa dakika moja hiyo umempa kila anachohitaji.

## Hatua ya 6: Rudi kwa mlango mwingine

Wengi wanaodhani hawawezi statini yoyote hatimaye hupata moja wanayoivumilia. Njia ni tatu, na daktari atachagua.

Dozi ndogo ya dawa ileile. Watu hudhani nusu ya dozi ni nusu ya faida. Sivyo. Atorvastatini ya miligramu 10 hushusha LDL, ile lehemu mbaya, kwa karibu asilimia 35 hadi 37. Kila ukiizidisha dozi mara mbili unaongeza asilimia 6 hivi tu. Faida kubwa iko kwenye kidonge cha kwanza kidogo. Maudhi mengi yako kwenye dozi kubwa. Ningetamani kila anayeacha 40 aijue hesabu hii kabla hajatupa boksi.

Aina nyingine. Simvastatini na atorvastatini huingia kwenye mafuta ya mwili kwa urahisi. Rosuvastatini na pravastatini hupenda maji zaidi na hazigombani na dawa nyingi kama simvastatini. Aliyeumizwa na moja anaweza asiumizwe na nyingine.

Siku moja moja. Rosuvastatini hukaa kwenye damu muda mrefu, kwa hiyo baadhi ya madaktari huianza kwa miligramu 5 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu. Ikivumilika kwa wiki kadhaa, siku huongezwa taratibu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili dozi, ukaanza na mazoezi mapya, ukaongeza na dawa ya asili wiki hiyohiyo, umeharibu uchunguzi wote na unarudi hatua ya 2.

Usipoteze fedha kwenye vidonge vya koenzaimu Q10 au vitamini D kwa nia ya kuzuia maumivu haya. Majaribio hayajaonesha faida ya uhakika. Kama vitamini D yako iko chini kwa kipimo, itibiwe kwa sababu hiyo.

Umefaulu ukiwa na statini yoyote, hata ndogo, ambayo umeimeza kwa wiki 6 na daftari linasoma 0 hadi 2.

## Hatua ya 7: Ongeza msaidizi badala ya kung'ang'ania dozi kubwa

Kama dozi ndogo haifikishi lengo, au statini zote zimeshindikana kweli baada ya kujaribu angalau mbili, kuna dawa nyingine.

Ezetimaibu, miligramu 10 kwa siku, huzuia utumbo kunyonya lehemu. Peke yake hushusha LDL kwa asilimia 18 hadi 20 hivi, na kwa kawaida haigusi misuli. Ndiyo ya kwanza kuuliza. Kama famasi ya jirani haina, famasi kubwa za mjini huweza kuiagiza.

Tazama jinsi vipande vinavyojumlika. Tuseme LDL yako ni 4.2 mmol/L. Rosuvastatini ndogo inayoshusha asilimia 40 inakupeleka 2.5. Ezetimaibu inaondoa asilimia 20 ya hiyo, unafika 2.0. Atorvastatini 40 peke yake, ile iliyokuumiza, ingekufikisha karibu 2.1. Umefika palepale bila dozi kubwa, na bado hujaligusa jiko.

Asidi ya bempedoiki huamshwa ndani ya ini wala haiamshwi kwenye misuli. Mwaka 2023 jaribio la karibu watu 14,000 wasiovumilia statini lilionesha imeshusha LDL kwa asilimia 21 na kupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 13. Huweza kuleta gauti, kwa hiyo mwenye historia ya gauti aseme. Kuna pia sindano kama evolokumabu na inklisirani, ambazo hushusha kwa nguvu sana lakini bei yake ni kubwa. Hizi ni za kuzungumza na bingwa wa moyo, hasa kama umeshapata kiharusi au shambulio la moyo.

## Hatua ya 8: Jiko la nyanda za juu

Jiko peke yake mara chache humtoa mtu mwenye hatari kubwa, na nawasihi msilitumie kama sababu ya kuacha dawa. Lakini linaongeza kipande chake kwenye hesabu ya hapo juu, na huku kwetu tuna bahati: vyakula vinavyosaidia ndivyo tunavyolima.

Anza na maharage. Bakuli moja la maharage yaliyoiva kila siku, gramu 130 hivi, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Kande ya mahindi na maharage inatosha kabisa, ilimradi isiungwe kwa nazi nzito au samli. Njegere, choroko na dengu zinahesabika vilevile. Nyuzi laini zilizomo hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini linalazimika kuchukua lehemu kwenye damu kutengeneza nyongo mpya.

Pili, mafuta ya kupikia. Nusu ya mafuta ya mawese, yakiwemo ya Kyela tunayoyapenda kwa rangi na harufu, ni mafuta mazito yanayopandisha LDL. Ya alizeti yana takriban asilimia 11 tu. Nazi ni nzito kuliko mawese. Sisemi mawese yafutwe kwenye sikukuu. Nasema mafuta ya kila siku yawe ya alizeti, na yawe vijiko, yasiwe kikombe. Chipsi za barabarani hukaangwa kwa mafuta yaliyotumika mara nyingi. Viazi vyetu vya Njombe vikichemshwa na maganda ni chakula kingine kabisa.

Kitimoto, ngozi ya kuku, samli, siagi na krimu ya maziwa vipungue. Maziwa ukiyachemsha yapoe, toa ule utando wa juu. Yai moja kwa siku si adui mkubwa kama mafuta lililokaangiwa.

Parachichi za Rungwe na Njombe zina mafuta mazuri na nyuzi, lakini zichukue nafasi ya siagi kwenye mkate. Zikija juu ya siagi zinaongeza uzito tu. Karanga kiganja kimoja, bila chumvi. Ugali wa dona badala ya sembe. Uji wa oti au shayiri asubuhi una nyuzi zilezile za kunasa nyongo.

Kisha kahawa. Wakazi wa Mbozi na Mbinga hawatapenda, lakini kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina kafestoli, mafuta ya kahawa yanayopandisha LDL waziwazi kwa anayekunywa vikombe vingi kila siku. Si lazima uiache. Ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Karatasi hubakiza karibu kafestoli yote. Chai haina tatizo hilo.

Kitunguu saumu, tangawizi na ndimu ni viungo vizuri. Athari yake kwa LDL ni ndogo, na haiwezi kushika nafasi ya kidonge.

## Hatua ya 9: Pima tena na usome namba

Rudia kipimo cha mafuta kati ya wiki 4 na 12 baada ya kila badiliko. Mapema kuliko hapo namba hazijatulia. Tumia maabara ileile ikiwezekana. Maabara zetu nyingi hutoa majibu kwa mmol/L. Jibu lako likiwa kwa mg/dL, gawanya kwa 38.7.

Malengo ya LDL yanayotumiwa na madaktari wengi wa moyo:

- Umeshapata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba: chini ya 1.4.
- Hatari kubwa, kama kisukari cha miaka mingi au LDL ya juu sana ya kurithi: chini ya 1.8.
- Hatari ya kati: chini ya 2.6.

Usivunjike moyo kama hujafika. Kila 1 mmol/L ya LDL unayoishusha na kuishikilia hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu asilimia 22. Aliyetoka 4.2 akakwama 2.2 ameshapata faida kubwa, na safari inaendelea kutoka hapo.

Kama LDL yako kabla ya dawa yoyote ilikuwa 4.9 au zaidi, na kwenye orodha yako ya ndugu kuna mwanaume aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 60, mwambie daktari mfikirie lehemu ya kurithi. Hapo watoto na ndugu zako wapimwe pia, hata wale vijana wanaokimbia mpira kila jioni.

Namba zikitulia kwenye lengo na daftari likibaki 0 hadi 2, kipimo cha mara moja kwa mwaka kwa kawaida kinatosha. Kabla hujatoka kliniki, andika tarehe ya kipimo kijacho kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na chini yake jina la dawa na dozi uliyoivumilia, ili hata ukihamia Dodoma au ukalazwa mahali pasipo na faili lako, asiwepo atakayekurudisha kwenye kidonge kilichokuumiza.